Tetemeko Lisilotangazwa

Mwaka ule dunia ilitetemeka kweli kweli, na mimi, fundi cherehani nisiyejua hata kusoma ramani, niliyajua matetemeko yake karibu yote. Sikupenda kuyajua. Jirani yangu ndiye aliyenijulisha.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha biashara, tukakigawa kwa ukuta wa mbao. Upande wa barabarani nilikaa mimi na cherehani yangu, upande wa ndani alikaa yeye na redio zake. Mtaani walimwita Mawimbi, mimi nilimwita Fundi. Ukuta wetu ulizuia macho tu. Yeye alinisikia nikigombana na wateja wanaonenepa halafu wanadai nimewabania nguo makusudi, na mimi nilisikia kila taarifa ya habari. Redio ikishatengenezwa lazima ijaribiwe, na Fundi hakuwahi kujaribu redio kwa muziki.

"Muziki unaficha kasoro," aliniambia. "Mtu akisoma habari, sauti ikikwaruza unaisikia hapo hapo."

Basi kutwa nzima tulisomewa habari. Mafuriko, mpira, bei ya mafuta, wakubwa wamekutana, wakubwa wamenuniana, nami huku napiga pindo.

Mkewe ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba yao. Mimi na yeye tulikuwa chanda na pete, kama dada na mdogo wake, hata mumewe akaniita shemeji. Alikuwa mwanamke wa kucheka kabla hujamaliza kichekesho chako, akakulazimisha ucheke nawe bila kujua umechekea nini. Kila mchana alituletea chupa ya chai, akaketi kwenye stuli pale ukuta wa mbao unapoishia, akatuhadithia ya mtaa mzima huku sisi tunafanya kazi. Fundi hakujibu neno. Alitikisa kichwa tu, akaendelea kulehemu nyaya zake, na ungemtazama ungeona mtu aliyeridhika na maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka uliotangulia mama yule aliugua ghafla, wiki haikwisha tukamzika. Kikombe chake, cheupe chenye ua jekundu, Fundi alikiweka juu ya rafu, kando ya redio kubwa ya mbao ambayo mteja wake hakurudi kuichukua. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Hata vumbi lake alilifuta mwenyewe.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, muuguzi katika nchi ya mbali. Alipiga simu kila Jumapili mchana, na sisi mafundi Jumapili hatuna, kwa hiyo alitukuta kazini. Miaka yote zamu ya baba kwenye simu ilikuwa na maneno yale yale: "Hujambo? Kazi inaendelea? Haya, ngoja nikupe mama yako." Hapo simu ikahama mkono, na mama mtu akaishikilia mpaka ikapata moto. Fundi alikaa pembeni akisikiliza, akatabasamu mahali mkewe alipocheka. Hakuwa baba mkali. Ndivyo walivyozoea tu, baba anajulia hali, mama anaongea.

Binti alikuja mazikoni, akalia begani kwangu, siku chache baadaye akarudi kwenye kazi yake. Jumapili iliyofuata akapiga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Kazi inaendelea?"

"Inaendelea, Baba."

"Haya," akasema Fundi, na hapo akakwama.

Nilisimamisha cherehani. Simu yake ilikuwa imekufa spika ya sikioni, imebaki ile kubwa ya nje, kwa hiyo niliusikia hata ukimya wa upande wa pili. Mtu anatengeneza redio za mji mzima, simu yake mwenyewe imemshinda. Mganga hajigangi.

"Haya, Baba," binti akasema mwishowe. "Tutaongea."

Jumapili zikaenda hivyo, kisha zikaanza kurukwa. Simlaumu binti. Nani anapiga simu nchi kwa nchi ili asikilize kimya? Lakini nilimwona Fundi kila Jumapili akiiweka simu karibu na mkono, kioo chake kikitazama juu, na moyo uliniuma.

Kisha likaja tetemeko la kwanza. Lilipiga kwenye visiwa fulani ambavyo jina la mji wake mkuu lilikuwa refu mpaka mtangazaji mwenyewe akalikwaa. Nyumba zimeanguka, watu wamelala nje. Nyuma ya mbao redio ikapunguzwa sauti, nikasikia vitufe vya simu.

"Mwanangu, nimesikia kuna tetemeko. Uko salama?"

"Tetemeko? Wapi?"

"Huko visiwani."

Binti akacheka. "Baba! Huko na huku ni mbali. Hata kwa ndege ni kutwa nzima."

"Kumbe. Nikasema nikujulie hali."

"Mimi mzima. Wewe umekula?"

"Nimekula. Nyumba unayokaa, kuta zake za mawe au za matofali?"

Wakaongea. Wakaongea kuta, wakafika kwenye paa, wakapanda ghorofa anayokaa, wakatoka dirishani kutazama hali ya hewa. Simu ilipokatika nilimsikia Fundi akipiga mluzi. Miaka yote ile sikujua kama anaujua mluzi.

Ikawa ndiyo dawa. La pili lilipiga nchi ya milima, likazika barabara. Akapiga simu. La tatu lilikuwa chini ya bahari, watu wa ufukweni wakakimbilia vilimani na magodoro kichwani. Akapiga simu. La nne liliangusha mnara wa saa wa mji wa kale, na hilo alilipigia simu kabla mtangazaji hajafika kwenye michezo. Mtaani wakapata la kusema. "Mawimbi, leo dunia imetulia?" kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimuuliza kila asubuhi, badala ya salamu.

Mimi nilimuuliza uso kwa uso. "Fundi, wewe si mtoto mdogo. Unajua kabisa hayo mambo hayafiki kwa binti yako."

"Najua."

"Sasa unamuulizia nini?"

Akapuliza moshi uliokuwa ukipanda kwenye waya. "Namuulizia hali, shemeji. Baba hapigi simu bure. Nikipiga hivi hivi atashtuka, atadhani kuna msiba."

Lilipokuja kubwa kuliko yote, lile ambalo idadi ya waliokufa ilipanda kila saa, hakupiga simu siku ile. Alikaa mbele ya redio mikono imelala mapajani. Nilipochungulia akaniambia bila kunitazama, "Watu wamekufa, shemeji. Na mimi niliposikia tu, moyo uliruka, nikasema leo nitaongea na mwanangu. Mungu anisamehe." Nilimmiminia chai, akainywa ikiwa imeshapoa.

Katikati ya mwaka binti akanipigia mimi.

"Mama mdogo, hivi Baba kichwa chake kiko sawa?"

"Kizima kuliko changu."

"Kila mara ni matetemeko. Juzi niko zamu, mgonjwa amenishika mkono hataki kuuachia, Baba ananiuliza kama ukuta wangu umepasuka. Nahisi anaogopa. Kukaa peke yake kumemtia hofu."

"Hofu hana. Muulize mwenyewe."

"Nimuulizeje, mama mdogo? Mimi na Baba hatujazoea kuongea."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini Fundi alikuwa nyuma ya mbao, anasikia kila nisemacho, na mtu mzima huwezi kumvua nguo mbele ya mwanawe. Nikasema tu kwamba nitamwangalia, nikakata simu nikiwa nimejikasirikia.

Jioni ile ile akampigia babake. Alizungumza naye taratibu, kama anavyozungumza na wagonjwa wake. "Baba, hizo habari zinakuchosha roho. Acha kuzisikiliza. Huku hakuna matetemeko, na siku likitokea mimi mwenyewe nitakupigia. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Usiwe na wasiwasi."

"Sina."

Alisema kwa mapenzi kabisa, na ndivyo alivyomnyang'anya mzee sababu yake ya pekee. Kuanzia hapo Fundi akawa mtu wa kungoja tetemeko katika mji usiojua tetemeko ni nini, na baba gani atamwombea mwanawe ardhi imtikisikie? Akaanza kujaribu redio kwa muziki. Hapo nilijua mambo yameharibika. Redio zikawa zinarudishwa, zinakwaruza, na wenyewe wananigombeza mimi niliye mlangoni kana kwamba nimezishona.

Nilijaribu. Nilileta chupa ya chai, nikakaa kwenye stuli ya marehemu, nikahadithia ya mtaa. Lakini mimi sina mdomo wa yule mama. Kila nilichosema kilitoka kama malalamiko, na Fundi akatikisa kichwa kwa adabu tu. Siku ya tatu nikarudi kwenye cherehani yangu. Miezi ile ilikuwa mibaya. Upweke wa mtu mwingine ukiusikia kutwa kupitia mbao, nao unakuingia.

Tetemeko letu lilikuja mwezi wa kumi na moja, mchana kweupe. Mkasi ulianza kutembea peke yake mezani. Nikadhani ni lori. Kisha vibiringo vya nyuzi vikamwagika, ukuta wa mbao ukalia, na upande wa pili nikasikia kitu kikivunjika. Nilitoka mbio na suruali ya mteja mkononi, futi kamba shingoni, nikakuta mtaa mzima uko nje, kinyozi akiwa na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Tulitazamana. Ardhi ikatulia. Mtu mmoja akacheka, tukacheka wote, vicheko vya woga.

Hakuna aliyeumia. Na papo hapo simu zikaanza kulia. Ya kinyozi, ya mwenye duka, ya mama wa mboga. Uko salama? Watoto wako wapi? Nyumba imesimama? Kila mtu alikuwa na wa kumuuliza. Ndipo nilipogundua kwamba Fundi hakutoka.

Nilimkuta amechutama chini ya rafu. Ukuta wa nyuma umepasuka, ufa wa kuingiza kidole. Redio kubwa ya mbao haikuguswa. Kikombe kilikuwa vipande viganjani mwake.

"Hujambo wewe?" nikauliza. "Kinyozi katoka na kichwa cha mtu nusu, na mimi nimekimbia na suruali ya watu."

Hakucheka. Aliinuka, vipande vyote mkono mmoja, akaanza kuwasha redio. Aliziwasha zote zilizokuwa nzima, kila moja stesheni yake, chumba kikajaa sauti za watu wasiojuana. Akasimama katikati, akingoja. Taarifa ya habari ikaja. Walisoma tetemeko la nchi nyingine, kubwa, lenye jina. Kisha wakasoma michezo.

"Halikutangazwa," akasema Fundi. "Lilikuwa dogo." Akazizima moja moja. "Hatajua."

"Basi mpigie!"

"Alisema atapiga yeye."

"Likitokea kwake! Hili limetokea kwako, Fundi. Ukuta wako ndio uliopasuka. Au unataka nikupigie mimi?" Sauti ilinipanda mpaka nikaona aibu.

Akaichukua simu. Ililia sana kabla haijapokelewa.

"Shikamoo, Baba." Sauti ya binti ilikuwa imechoka. "Limepiga wapi tena?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, mwanangu. Kazini. Kikombe cha mama yako kimevunjika."

Maswali yakatoka yote kwa pamoja. Umeumia? Uko ndani au nje? Ukuta umepasuka? Mama mdogo yuko wapi? Yalikuwa maswali yake yeye, yale aliyoyapeleka nusu mwaka, sasa yanarudi kwa mwenyewe, na Fundi akayajibu moja moja. Hajaumia. Umepasuka kidogo. Mama mdogo huyu hapa. Maswali yakaisha.

"Haya," akasema. Na ulimi, kwa mazoea ya miaka, ukaendelea wenyewe. "Ngoja nikupe mama yako."

Mkono ukanyooka na simu kuelekea kwenye stuli. Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikuipokea, maana haikuwa yangu.

Fundi aliutazama mkono wake ulioning'inia hewani. Kisha akakaa mwenyewe kwenye stuli ile, akalia, na kwenye spika nikamsikia binti naye analia. Nikangoja aseme tutaongea.

"Baba," akasema. "Usinipe mtu. Ongea wewe."

"Niongee nini?"

"Chochote. Mama alikuwa anasema nini?"

Fundi akafikiri. Akajifuta uso kwa nyuma ya ule mkono wenye vipande vya kikombe.

"Kinyozi," akaanza, "ametoka mbio na mteja kamnyoa upande mmoja. Sasa huyu mama yako mdogo..."

Binti alicheka kabla hajamaliza. Fundi akaitazama simu, kisha akaendelea.