Nilipopeleka Programu Huria Kyela

Niliondoka Mbeya kwa sababu sikuwa na kazi. Hiyo ndiyo kweli, ingawa wenzangu walipenda kusema kwamba nilijitolea. Duka la intaneti nililokuwa nikihudumia lilikuwa limefungwa, na katika kikundi chetu cha watu saba, tuliokutana kila Jumamosi kwenye darasa la kuazima, mimi peke yangu ningeweza kukaa siku kadhaa nje ya mji bila mwajiri kuniuliza. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipofungwa kwenye mkanda ili kila mtu azione. Tuliamini kwa moyo wote kwamba programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na hata kuzirekebisha, zingeikomboa nchi. Tulikuwa vijana. Barua ilipokuja kutoka kata ya Ikolo, wilayani Kyela, kutualika kwenye maonyesho ya wakulima, nilikabidhiwa kompyuta moja, bahasha ya CD tulizozichoma wenyewe, na maneno mengi ya kunitia moyo.

Asubuhi ya safari nilipanda basi nikiwa nimeifunga skrini kwa blanketi la mama yangu, nikaipakata kama mtoto mgonjwa. Hadi Tukuyu tulikwenda ndani ya ukungu, migomba na chai vikitokea na kupotea. Kisha barabara ikaanza kuteremka, na kila kona joto likaongezeka. Abiria wakavua masweta mmoja mmoja. Mama aliyeketi karibu nami aliuliza nimebeba nini, nikamwambia kompyuta. Akanipa ndizi mbivu. "Kula, mwanangu. Mzigo wa namna hiyo unachosha hata kuutazama."

Saa nane mchana niliteremka Kyela mjini, ambako nilipokewa na Mzee Abdallah. Alikuwa baba wa mmoja wa wenzangu wa Mbeya. Babu yake alitoka Kilwa na kufuata biashara hadi huku ziwani. Duka lake liliuza vitenge, madaftari na mafuta ya taa, na pembeni palikuwa na meza ya kupigia chapa barua za watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Nyumba hii ni yako mpaka uichoke."

Siku hiyo tulikula wali wa Kyela, ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, na samaki aina ya mbasa. Niliona kwamba kompyuta ya dukani ilikuwa imefunikwa kanga. Nilipouliza, mzee alisema, "Imelala," akabadili mazungumzo.

Kesho yake nilikwenda Ikolo kwa baiskeli mbili: mimi juu ya moja, kompyuta juu ya nyingine, tukipita kati ya mashamba ya mpunga na mikakao. Mwenyekiti wa maonyesho, Bwana Lusajo, alikuwa mkulima mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alinipangia meza kati ya banda la mbegu na banda la nyuki, akawasha jenereta. Watu walikuja wengi, nikajiona nimeshinda. Nikaeleza kila kitu nilichokariri Mbeya. Nikasema neno "huria" mara nyingi mno.

Baba mmoja aliyeshika jembe jipya aliinua mkono.

"Binti, hii huria yako ni ndugu wa lile soko huria?"

Watu wakacheka. Nikasema hapana, hii ni ya bure, ni ya wote.

"Na lile walisema ni la wote," akajibu bila ukali. "Tukaambiwa kila mtu atauza mpunga wake anapotaka. Sasa mnunuzi anakuja na ndoo yake, anapima anavyotaka. Mimi sikatai. Nauliza tu: hiki chako, siku kikiharibika, nitamfuata nani?"

Nilianza kueleza habari za jumuiya ya wataalamu duniani kote, na nikaona macho yao yakihama kwenda kwenye mizinga ya nyuki. Kisha mvua ya Kyela, ambayo haigongi hodi, ikamwagika. Jenereta ikazimwa. Nililala kifudifudi juu ya kompyuta ili isilowe, na nilipoinua kichwa chini ya turubai palibaki mtu mmoja.

Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, miguu mitupu, amekunja kitenge hadi magotini. Alijitambulisha: Atupele, mjane wa Mwalimu Ambakisye wa Matema.

"Wewe ni fundi wa hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisaidie jambo moja. Marehemu mume wangu aliandika maneno ya wazee wa ziwani. Methali, majina ya pepo zinazovuma ziwani, namna akina mama wa kabila la Wakisi wanavyochoma vyungu. Miaka mitatu alikuwa akienda kwa baiskeli mpaka Kyela kwa Mzee Abdallah, anasoma, wanachapa kwenye mashine. Madaftari yake yalichukuliwa na mafuriko. Nikasema si kitu, yamo kwenye mashine. Sasa kila nikienda kuomba yatolewe kwenye karatasi, mzee ananiambia njoo wiki ijayo. Mwaka unaisha. Nimemkosea nini?"

Nikaikumbuka ile kanga. Nilijua asilolijua, kwamba mashine yenyewe imelala, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilisema tu nitauliza.

Jioni, niliporudi Kyela, nilimkuta Mzee Abdallah akifunga duka. Nilimwambia niliyekutana naye. Aliketi juu ya gunia la chumvi.

"Iliingiwa na kirusi," alisema. "Haiwaki. Fundi aliyekuja alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka programu upya. Nikamwambia usiguse. Nikaifunika. Mwalimu alikuwa rafiki yangu, binti. Alinisomea kazi yake yote, mimi nikachapa kwa vidole viwili. Nitamwambiaje mkewe kwamba nimempotezea mume mara ya pili?"

Katika bahasha yangu mlikuwa na CD moja ambayo sikuionyesha Ikolo kwa sababu niliiona haina mvuto. Ilikuwa na programu huria inayowasha kompyuta kutoka kwenye CD yenyewe, bila kuigusa diski ya ndani. Nilimweleza mzee kwamba sitafuta chochote, nitachungulia tu. Alitoa kanga, akaikunja taratibu kama mtu anayemfunua maiti. Umeme ulikuwepo siku hiyo. CD ikazunguka muda mrefu, ikinguruma. Mzee alianza kusoma dua kimoyomoyo. Niliona midomo yake.

Skrini ikawaka. Nikaifungua diski, na humo ndani, kati ya barua za kuomba kazi na kadi za harusi, palikuwa na kabrasha lenye jina la Ambakisye.

Mzee Abdallah alitoka kwenda uani, na nilimsikia akinawa uso.

Sehemu kubwa ilifunguka. Sura ya mwisho, ya pepo za ziwa, ilikataa kabisa. Nilijaribu kila nililolijua, zikatoka alama zisizosomeka. Tulichapisha yale yaliyokuwepo kwa printa ya dukani, ya utepe wa wino, iliyolia kama msumeno, na majirani wakaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Siku ya nne tulikwenda Matema, mimi na mzee, nyuma ya gari la mizigo, karatasi zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani pake. Milima imesimama wima juu ya maji pale, na ziwa lilikuwa tulivu, vyungu vya Kikisi vimepangwa mchangani vikisubiri mitumbwi. Mama Atupele alikuwa akianika dagaa.

"Mugonile," mzee alimsalimu kwa Kinyakyusa. Kisha, kabla hajakaribishwa kukaa, akasema yote: kirusi, kanga, uongo wa wiki ijayo. "Niliogopa, mama. Nisamehe."

Mama Atupele alipokea karatasi kwa mikono miwili. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Akacheka.

"Hapa amekosea! Methali hii haisemwi hivi. Nilimwambia tangu tukiwa vijana, mbishi kama nini." Kisha akaketi mchangani, akalia.

Nilimwambia kuhusu sura iliyopotea. Nilitarajia alie tena. Badala yake alifuta macho na kuniuliza kama nina kalamu.

"Baba yangu alikuwa mvuvi. Huyo mume wangu unadhani alizitoa wapi hizo pepo? Andika."

Nikaandika mchana kutwa. Alinitajia kila upepo, unatoka wapi, unakuja na wingu gani, na nani aliwahi kuzama nao. Mzee Abdallah alimkatiza mara mbili kuuliza maana, na mara zote mbili alijibiwa kwa subira. Hapakuwa na kinyongo tena, au kama kilikuwepo, mama alikipeleka mahali tusipopaona.

"Na makosa yake?" akauliza tulipoaga. "Naruhusiwa kuyasahihisha?"

"Ni yako, mama. Sahihisha."

"Ndaga fijo," akasema, asante sana, akanipa chungu kidogo ambacho nilikipakata badala ya skrini, kwani kompyuta nilimwachia Mzee Abdallah dukani, badala ya ile yake isiyowaka.

Nilirudi Mbeya siku iliyofuata, nikipanda kutoka kwenye joto kuingia kwenye ukungu. Jumamosi wenzangu waliniuliza nimepata wafuasi wangapi. Nikasema mmoja, mwenye duka, na bado anakiogopa kipanya. Walinuna, hasa kuhusu kompyuta. Mwaka uliofuata kikundi kilisambaa: mmoja alioa, wawili walienda Dar es Salaam, darasa likapakwa rangi likawa ofisi. Mzee Abdallah alifariki miaka mingi baadaye, na hadi leo nikisikia printa ya utepe mahali, moyo wangu unarudi kwenye duka lile.

Nilitembelea maonyesho mengine mengi baada ya hapo, wilaya baada ya wilaya. Ila sikuanza tena kwa kueleza programu. Nilikuwa nikivuta kiti, nikawauliza walionizunguka: "Hapa nani ana kitu anachoogopa kukipoteza?" Kisha nikanyamaza, nikasubiri wa kwanza aseme.