Shikamoo ya Mpelelezi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzungu mmoja kwenye runinga alichukua yai la kuchemsha, akaliinamia na kuanza kulisemesha. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya runinga na kipaza sauti mkononi, na banda zima lilikuwa linanisubiri niseme anachosema. Kiingereza changu nilikipata jikoni, kwa mtaalamu wa misitu Mwingereza niliyempikia miaka minne kule Shume, kwa hiyo kwenye mambo ya mayai nilijiamini. Nikatangaza, "Anasema yai hili halijaiva." Watu wakaridhika. Kisha yai likamjibu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeajiriwa kutafsiri wapelelezi.

Ninyi mnaotazama filamu mkiwa mmelala, simu kifuani, hamwezi kujua tulivyohangaika. Zamani hizo hapa Lushoto filamu ilitazamwa kwenye banda la video, nyuma ya soko, Alhamisi na Jumapili watu wakishauza mboga zao. Kulikuwa na mabenchi, runinga moja na deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti. Ndani ya deki kuna kichwa, kidude kinachosoma mkanda, nacho kikishika vumbi picha yote inanyesha mvua. Kila asubuhi nilikisafisha kwa pamba na spiriti. Mkanda ukilegea, nilichomeka kalamu kwenye tundu la kaseti nikauzungusha taratibu mpaka ukaze. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri papo hapo, sauti ya mwanamume, ya mwanamke, na mara moja ya mbwa aliyekuwa na redio tumboni.

Kaseti hizo alinigawia yule mtaalamu alipofunga mizigo kurudi kwao, pamoja na sufuria mbili. Zilikuwa za tamthilia moja ya zamani ya runinga ya Uingereza. Kulikuwa na mpelelezi kijana, mkuu wake wa idara mwenye mvi, na maadui wasioishiwa mitambo: mashine ya kuiba mawazo, wingu la kulaza mji mzima, na kiwanda cha maziwa ambacho uani kwake kilitengeneza watu bandia. Nilizipeleka kwa mwenye banda, mfanyabiashara wa maharage aliyetaka tumwite Mkurugenzi.

"Kiingereza unakijua?" akaniuliza.

"Nakijua."

"Basi wewe ni Mtafsiri Mkuu."

"Wadogo wako wapi?"

"Hakuna wadogo. Fanya kazi."

Kanuni yangu ilikuwa moja: mdomo wa mtu ukifunguka nami naongea, ukifunga nami nafunga. Kanuni hiyo ilinitosha mpaka wiki ya pili, pale Mzee Shemhilu, mkulima wa kabichi aliyekaa benchi la mbele kila siku ya gulio, aliposimama na fimbo yake.

"We mama, huyo kijana hana wazazi? Anaingia kwa mkubwa wake, anakaa juu ya meza, salamu hakuna!"

Banda zima likamuunga mkono. Ni kweli, kijana yule alikuwa akiingia ofisini kama anaingia zizini. Mkurugenzi akaniita pembeni. "Watu hawawezi kumpenda mpelelezi asiye na adabu. Mwamkishe."

Nikamwamkisha. Kuanzia siku hiyo, kijana akifungua mdomo mara ya kwanza, mimi husema, "Shikamoo, Mkuu," na mdomo wa mkubwa ukifunguka, "Marahaba, mwanangu, za huko?" Wakati mwingine salamu zilichukua muda, mtu ameshapigwa risasi mimi bado naulizia hali ya wagonjwa nyumbani. Lakini banda lilijaa. Mkurugenzi akafungua jingine Mombo, akanihamishia huko miezi mitatu. Sikupapenda. Joto lilikuwa linalainisha mikanda, na kila basi likipiga honi nusu ya watazamaji wangu wanakimbia na kuniachia maadui peke yangu. Akanipeleka Shume, kwa jenereta, ambako wapasua mbao walitaka kila kitu kirudiwe mara mbili. Halafu akanirudisha Lushoto, na niliporudi nilikuta barua.

Kuna mtu alikuwa amelalamika wilayani kwamba tafsiri za banda letu ni za kubuni. Afisa Utamaduni angekuja Jumapili kutazama, na asiporidhika kibali kinafutwa. Mkurugenzi alikuwa na maharage yake. Mimi nilikuwa mjane mwenye mama mgonjwa kule Mgwashi, na dawa zake zilitoka kwenye kile kipaza sauti. Usingizi ulinipaa wiki nzima.

Afisa alikuja baada ya ibada, kijana nadhifu, muhuri mfukoni. Aliwaamkia wazee wote benchi la mbele, mmoja mmoja, akakaa ubavuni mwangu na daftari. Nikaweka kaseti.

Bahati mbaya ilikuwa ile ya wakuu wawili. Maadui wamemkamata Mkuu, wamemfunga kitini, wamempulizia dawa inayokausha ulimi. Kando yake wamesimamisha Mkuu bandia, mvi kwa mvi. Mpelelezi anaingia na bastola, na lazima achague.

Kijana akafungua mdomo. Kwa mazoea nikasema, "Shikamoo, Mkuu."

Aliyesimama akafungua mdomo. Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Aliyefungwa kitini hakufungua. Mdomo umefunga, nami nikafunga.

"Huyo wa kitini ndiye bandia!" akapaza sauti Mzee Shemhilu. "Mtu mzima gani haitikii shikamoo?" Watu wakapiga kelele kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, wakimwelekeza kijana ampige wa kitini. Naye kijana akageuka, akampiga risasi aliyesimama. Waya zikamtoka kifuani.

Mnadhani waya ziliwatuliza? Banda lilichafuka. Mzee Shemhilu alisimama mbele ya runinga, fimbo juu. "Ameitikia vizuri kabisa, na mmemuua! Huu ni uongo!"

Nilisimamisha deki. Afisa alikuwa ananitazama. Nikaona bora nife na ukweli.

"Wazee wangu, nisameheni. Shikamoo niliitia mimi. Kwa Kiingereza huwa hasemi."

Fimbo ikashuka.

"Unasema," akauliza Mzee Shemhilu taratibu, "kwamba siku zote hizi hajawahi kumwamkia?"

"Hajawahi, mzee."

Akakaa. Alionekana amefiwa. "Basi wote watatu ni bandia," akasema.

Afisa akaniinamia. "Mama, tafsiri iwe ya kweli. Endelea, na kuanzia hapa sema kinachosemwa tu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nikaiwasha deki. Kijana akamfungua Mkuu kamba, akampa maji. Banda lote lilikuwa linautazama mdomo wake. Mkuu akameza, akamtazama kijana wake, akafungua mdomo, akasema maneno mawili. Sasa mniamini: hayo ndiyo maneno ya Kiingereza niliyoyajua kuliko yote, maana yule mtaalamu aliniambia kila asubuhi kwa miaka minne nilipofika jikoni. Alisema, "Umechelewa."

Nikamtazama Afisa. Nikamtazama Mzee Shemhilu, ameinamia fimbo yake. Nikakumbuka dawa za mama. Halafu nikaona siwezi, liwalo na liwe.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Sijawahi kusikia shangwe kama ile. Mzee Shemhilu alirusha kofia yake juu, na wazee wawili wakakumbatiana.

Watu walipotoka, Afisa alibaki na daftari lake. "Mama, nami nilisoma Kiingereza. Alisema umechelewa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilimsikia."

"Basi kwa nini?"

"Walimngoja aitikie, mheshimiwa. Yule mwingine aliyeitikia tulikuwa tumeshamzika kwa kosa langu."

Akafunga daftari. "Umekosea," akasema. Akatoa muhuri, akaupulizia pumzi. "Umekosea sana." Akagonga kibali chetu.

Nilitafsiri miaka mingine kumi na mitano, mpaka simu zilipolimaliza banda. Mama yangu alipata dawa zake mpaka mwisho wake, na hilo namshukuru Mungu. Mkurugenzi aliniaga kwa gunia la maharage na hotuba fupi. Kiingereza changu hakikuongezeka hata kidogo. Nimejifunza jambo moja tu la kuwaachia: mtafsiri ana mabwana wawili, anayesema na anayesikiliza, na mmoja wao hayupo chumbani.

Juzi sokoni, babu mmoja aliyenizidi miaka si chini ya kumi alinisimamisha, akavua kofia, akasema, "Shikamoo."

Nikaona aibu. "Jamani, babu! Mimi ndiye wa kukuamkia. Mbona unanitia dhambini?"

"Tulia, mwanangu," akasema. "Nahakikisha kama ni wewe au ni bandia."

Nikaitikia upesi.