Mzigo wa Langoni

Mimi nina malori mawili na nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, na shule niliacha darasa la pili. Mtu kama mimi hana haja ya kutunga uongo ili asikilizwe. Haya niliyaona kwa macho yangu, tena mchana.

Nilikuwa bado mtoto, na hamu yangu kubwa ilikuwa kuiona ngome ya kale upande wa Itetemia, iliyojengwa na tajiri mmoja wa misafara ya pembe. Mjukuu wake, Bwana Seifu, akanichukua nimbebee birika la chai. Kuta zilikuwa pana kama kitanda, zina matundu ya bunduki.

"Babu aliwapitisha wapagazi hapa kama siafu," akajisifu. "Aliyechoka aliachiwa fisi."

Jua lilikuwa la utosi tulipotoka. Langoni amesimama mzee, kichwani ana pembe ya ndovu ndefu kuliko mimi, shingo imedidimia mabegani. Nikamwamkia shikamoo. 

"Nitueni, wanangu."

Kwetu Unyamwezi mtu akikuambia nitue, huulizi ni nani. Unaacha ulicho nacho, unampokea mzigo. Nikaweka birika chini. Bwana Seifu akanivuta shati.

"Mwache punda huyo. Atue mwenyewe."

Mzee akacheka kidogo. "Babu yako alinijibu hivyo hivyo, nikafia chini ya pembe yake. Wewe mtoto, rudisha mikono. Mwenye mzigo nimempata."

Akainamisha shingo kumwelekea Bwana Seifu. Niamini, sikusikia kitu kikianguka. Mzee hayupo, pembe haipo, na Bwana Seifu yuko magotini, shingo imezama.

"Nitue, mwanangu," akanililia.

Nikapapasa kichwani pake. Hewa tupu. Utatua nini usichokishika?

Masheikh walisoma, waganga wakaja mpaka kutoka Kaliua. Aliishi miaka akitembea mikono juu, ameshika kitu kisichoonekana, akilala ameegemea ukuta. Kila mpita njia alimwomba amtue. Alipokufa amebaki mifupa, lakini jeneza lile tulilibeba vijana wa shoka tukilipumzisha njiani. Nilikuwamo, na nguvu zangu zinajulikana Tabora nzima.

Leo mama wa kuni akisema nitue, nasimamisha lori, nashuka na kanzu yangu nyeupe. Watu husema nina moyo mwema. Moyo mwema gani? Wewe unajua babu yako aliwajibu nini wapagazi wa njia ile ya pembe? Basi ukiombwa, mtue.