Matuta Yaliyonyooka Shambani kwa Mama Yustina

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nayo ni siku niliyonunua kamba. Niliingia duka la Waislamu pale mjini Sumbawanga, nikaomba kamba ndefu kuliko zote walizonazo. Mwenye duka alinitazama, nje upepo wa Ufipa ukivuma kama kawaida yake, akaniuliza, "Kamba yote hii, karani, unakwenda kufunga ng'ombe au kufunga upepo?" Watu dukani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa kijana asiyejua kuchekwa.

Nikueleze kwanza nilikuwa mtu wa namna gani, maana nasaha isiyo na aibu ya mwenyewe haimfai mtu. Shule sikumaliza. Kusoma na kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya sala na magazeti makuukuu ambayo watu walifungia sukari. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, niliishi na hofu kwamba siku yoyote mtu atagundua sijui kitu. Kwa hiyo nilijificha nyuma ya unadhifu. Nikiandika ukurasa, tone moja la wino likadondoka, niliuchana wote nikaanza upya. Hata haya unayoyasoma nimeyaandika mara tatu. Ugonjwa ule haukupona, ila sasa naujua kwa jina.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyetawala Tanganyika, na kila baraza lilikuwa limepewa amri ya kulinda ardhi. Walisema udongo wa milima yetu unachukuliwa na maji, na hapo hawakusema uongo. Baraza la mji likatangaza nafasi ya mwangalizi wa ardhi, mtu wa kupita mashambani na kuhakikisha watu wanalima matuta yanayokinga mteremko. Tuliomba wawili: mimi na Mzee Kasiano.

Mzee Kasiano alikuwa mkulima wa upande wa milima ya Mbizi. Ukimwonyesha kilima wakati wa kiangazi, kikavu kabisa, alikuambia maji yatapita wapi mvua ikija. Lakini barua yake ya kuomba kazi aliandikiwa na katekista, na yeye akaweka kidole gumba chini. Barua yangu niliiandika kwa siku nne. Jumbe wa mji, aliyeongoza baraza, aliziinua zote mbili watu wazione kama anayeonyesha vitenge, akasema, "Kazi ya serikali ni kalamu. Mnaona wenyewe."

Wazee wa baraza wakaafiki. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mwanangu, siku ile penye wengi neno liliharibika, na mimi nilikuwepo, nikalikalia kimya kwa sababu lilikuwa na faida kwangu. Nilijua Mzee Kasiano ananizidi. Kila mtu alijua.

Nikaanza kazi, na watu wakazoea kuniita karani. Bwana Shamba, Mzungu aliyesimamia kilimo, alituita waangalizi wa wilaya nzima, wengine kutoka Namanyere na Laela, akatuonyesha chombo cha mbao chenye uzi na jiwe, cha kupimia usawa wa ardhi. Alikieleza haraka haraka. Sikukielewa. Akauliza, "Mmeelewa?" Wa Laela akainua mkono akasema hapana, akaelezwa tena huku tukimcheka. Mimi nilisema ndiyo. Kuuliza si ujinga, nilikuwa nimeliandika neno hilo mara nyingi kwa mwandiko mzuri, lakini midomo yangu haikuliweza. Nilirudi mjini na chombo nisichokijua. Nikakiacha nyumbani. Ndipo nikanunua kamba.

Shamba la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa la Mama Yustina, mjane aliyelima kilima juu ya kijito. Kama walivyolima mama zake, alilima kwa ntumba. Wewe wa siku hizi huenda hukuziona zikiwa zimejaa kilima. Mvua zikikaribia kwisha, mtu anakusanya nyasi, anazifunika kwa mabonge ya udongo mpaka zinakuwa vichuguu vya mviringo, vingi, kilima kizima. Nyasi zinaoza humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza anazitawanya, udongo umekuwa mweusi, anapanda ulezi. Maji nayo yakiteremka yanazunguka ntumba hii, yanakutana na ile, yanazunguka tena, mpaka yanachoka.

Mimi niliona fujo tu. Nilitaka mistari. Nilimwambia azivunje zote, achimbe matuta, na nikanyoosha kamba yangu kutoka ukingo huu wa shamba mpaka ule.

Mama Yustina aliitazama kamba, akanitazama. "Shikamoo yako nimeipokea," akasema, "lakini umekula asubuhi, mwanangu? Maana mwenye njaa huona kila kitu kimepinda."

"Ni amri ya baraza, mama. Usipochimba utaitwa."

"Hizi nyasi hazijaoza. Ukizivunja sasa unanivunjia chungu kikiwa jikoni."

Mzee Kasiano alikuwa akilima shamba la jirani. Akaja akiburuta jembe lake, akachuchumaa, akaitazama kamba kwa jicho moja. Kilima kile, mwanangu, kilikuwa na mbonyeo katikati, kama mgongo wa punda mzee. Tuta la kukinga maji likifika penye mbonyeo lazima lipinde kuelekea upande wa juu wa kilima, likifuata umbo la ardhi, ili kimo chake kiwe kimoja. Kamba yangu ilikatiza mbonyeo moja kwa moja. Kwa macho ilipendeza sana.

"Karani," akasema, "hapa katikati ni chini. Umeyachimbia maji mlango."

Nilihisi masikio yanawaka. Alikuwa amegusa palepale nilipopaficha. Nikamjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho: "Mzee, kazi hii uliiomba ukakosa. Sasa unataka kuifanya kwa mdomo?"

Alisimama, akapangusa magoti. "Sawa, baba. Mvua itakuja kukagua."

Mama Yustina alichimba. Alichimba wiki tatu, yeye na binti zake, wakifuata kamba yangu. Walipomaliza, nilipanda ng'ambo ya kijito kulitazama shamba, na nakiri nilipata furaha kama ya mtu aliyeandika ukurasa mzima bila doa.

Mvua za kwanza zilikuwa za kawaida. Wala sikupata hata gharika ya kuisingizia. Maji yalikusanyika kwenye tuta la juu, yakafuata mfereji mpaka kwenye mbonyeo, yakajaa, yakabomoa. Yakaliangukia la pili, nalo likabomoka. Na la tatu. Tuta kwa tuta mpaka kijitoni. Nilipofika asubuhi nilikuta korongo la kufika pajani limelikata shamba katikati, na udongo mweusi uliolelewa miaka mingi unachukuliwa na kijito pamoja na nyasi ambazo hazikuwahi kuoza.

Mama Yustina alikuwa amesimama ukingoni. Sikupata matusi niliyoyatarajia. Aliniambia maneno mawili tu: "Njoo uandike."

Habari zikafika kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatangaza kuwa atakuja barazani mwenyewe kusikiliza. Jumbe akaniita kabla ya siku ile. Hakuwa mtu mbaya sana, mwanangu. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mimi nawajua watu wa namna hiyo kwa sababu ni ndugu zangu. Akasema, "Sikiliza. Andika kwamba mama huyu alichimba kinyume cha maagizo. Shamba litafungwa, lipandwe miti, ardhi ihifadhiwe. Baraza litakuwa limefanya kazi yake, na wewe utathibitishwa kazini."

"Na yeye atalima wapi?"

"Kwani vilima vimeisha Ufipa nzima? Andika."

Nikaandika. Nataka ulijue hili bila kulipunguza. Niliketi, nikaandika uongo ule, na haujapata kutoka mkononi mwangu ukurasa mzuri kama ule. Hakukuwa na doa hata moja. Herufi zimesimama kama askari.

Siku ya baraza nyumba ilijaa. Bwana Shauri mbele, jumbe kando yake, wazee kwenye viti, wanawake nyuma mlangoni. Nikaitwa kusoma. Nilisoma mstari wa kwanza, wenye salamu na majina ya wakubwa. Nilipofika wa pili, penye jina la Yustina, niliinua macho. Nilimwona Mzee Kasiano ukutani. Hakunitolea macho, alikuwa akiokota majani yaliyonasa kwenye shuka yake, kama mtu asiyetarajia chochote kutoka kwangu. Hilo lilinichoma kuliko tusi. Ya nini kuogopa kudharauliwa, nikajiuliza, na wewe umekwisha kudharauliwa?

Nikaukunja ukurasa. "Bwana, haya niliyoandika ni uongo. Mama alichimba palepale nilipomwambia. Kamba niliinyoosha mimi."

"Karani, kaa chini!" jumbe akafoka.

"Sikai, jumbe."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye ulezi. Bwana Shauri akainua kidole, watu wakanyamaza. Aliongea Kiswahili cha vitabuni, polepole. "Wewe ulifundishwa kupima. Kwa nini hukupima?"

"Sikuelewa chombo, Bwana. Nikasema nimeelewa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa kuonekana sijui."

Mtu mmoja akacheka, kisha nyumba nzima. Nilishika ukingo wa meza, lakini nilikuwa nimekwisha kuanguka, na aliye chini haogopi kuanguka tena. Nikaendelea. Nilisema shamba lisifungwe, maana aliyekosa si mwenye shamba. Nilisema ntumba hazikuwa zikiharibu kilima, tuliokiharibu ni sisi tuliokuja kukihifadhi. Nilisema kazi ile apewe Mzee Kasiano, na kama shida ni kalamu, niko tayari kumwandikia bila kulipwa.

"Lakini huyu mzee hajui kusoma," Bwana Shauri akasema.

Hapo ndipo sauti ilipotoka mlangoni, na wote tuligeuka. "Na huyu ajuaye kusoma," alisema Mama Yustina, "amesoma nini shambani kwangu?"

Mpaka leo hajajibiwa.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka siku ile. Nilifukuzwa kazi palepale. Mzee Kasiano hakupewa. Walimleta kijana mwingine mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini Bwana Shauri aliamuru shamba libaki kwa mwenyewe. Ulezi Mama Yustina hakuupata mwaka ule, akashuka bondeni Muze na binti zake kuvuna mashamba ya watu ili wale, lakini kilima hawakumnyang'anya. Alirudi na kukilima.

Mwangalizi mpya alipokuja na karatasi yake, wanawake wa kilima kile walikuwa wakipandisha ntumba mbele ya macho yake. Aliwaambia ni kosa. Walimsalimu vizuri, wakamuuliza habari za nyumbani, wakaendelea kufunika nyasi. Akarudi na karatasi yake, akaja tena, akakuta ntumba zimeongezeka. Mwishowe akachoka yeye.

Mimi nilikwenda kwa Mama Yustina nikaomba kuliziba korongo. Alinipa jembe, akasema tu, "Anzia chini." Mzee Kasiano alinisimamia. Alinifundisha kupanga mawe na nyasi, na lile tuta la kupinda penye mbonyeo, tukilitafutia usawa kwa maji ndani ya bakuli. Siku moja tumekaa tunakula viazi, nikamwomba radhi kwa lile neno langu. Alitafuna kwanza mpaka akamaliza.

"Nilikusamehe siku ileile," akasema. "Lakini nikuambie ugonjwa wako. Wewe unaogopa kosa kuliko unavyoogopa dhambi. Kosa dogo ulilikimbia, ukakimbilia dhambi kubwa. Mtu akikosea tuta, analichimba tena. Akimzushia mjane uongo, atachimba wapi?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mwanangu, wewe unayekwenda kukaa kwenye viti vya baraza, au kuomba kazi mbele ya waliokaa, nakuachia haya. Usiseme ndiyo kwa jambo usilolielewa, hata kama wote wanaokuzunguka wametikisa kichwa. Kicheko cha dakika moja hakijapata kuua mtu, lakini kilima kinaweza kufa kwa ajili ya kijana aliyekwepa kicheko hicho. Nafasi ikikujia na unajua kuna anayeistahili kuliko wewe, litaje jina lake kwa sauti kabla hujaipokea. Huenda wasimpe. Wewe litaje. Anayekuja kulinda ardhi bila kumwuliza anayeilima, mwulize anailinda dhidi ya nani. Na wakikuletea karatasi nzuri yenye uongo, ikatae mbele ya watu. Usingoje ujasiri kwanza, maana mimi niliungoja na haukuja. Nilisema nikiwa bado naogopa, na maneno yakatoka vilevile.

Watakufukuza, pengine. Mimi walinifukuza, na bado jua la Ufipa lilichomoza kesho yake, nikalikuta nina jembe mkononi na sina cha kuficha. Sijapata kazi nzuri kuliko ile.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe udongo usiokimbia na wazee wasiokuonea haya kukukemea. Akupe ulezi wa kutosha nyumba yako na ya mjane jirani. Na siku ya kutakiwa kutia sahihi uongo ikifika, akupe mkono unaotetemeka, na bado ukakataa.