Kombe la Asubuhi ya Upasuaji

Nawasimulia haya nikiwa na furaha, kwani mjukuu wangu Rukia, wa miaka saba, ni mzima alhamdulillahi. Aibu imebaki kwangu, mwalimu wa madrasa hapa Mabawa.

Alikuwa akatwe mafindofindo, na hospitali ilikataza asile wala asinywe chochote. Asubuhi nikamwandikia kombe, aya za Kurani kwa wino wa zafarani, nikaliosha kwa maji, akanywa bakuli zima. Nikatoka nyumbani moyo umetulia.

"Shikamoo shehe. Rukia hajala wala hajanywa?" akauliza daktari wa usingizi, binti mpole.

"Marahaba. Hata tone, mwanangu."

Akampima shingoni kwa ultrasaundi, ajue mpira wa kupumulia wa kumtosha. Kisha akashuka tumboni, akanigeukia.

"Shehe, tumbo lina maji. Tukimlaza usingizi hivi, yanaweza kupanda yakaingia mapafuni."

"Ni kombe tu, daktari. Ile ni dua, si kinywaji."

"Basi tutasubiri mpaka mchana, atakuwa salama inshallah. Ila nifundishe, shehe: mtu akinywa kombe mchana wa Ramadhani, funga yake ipo?"

Kabla sijajibu, Rukia akadakia kitandani: "Imebatilika! Babu ndiye aliyetufundisha."