Mbwa Habaki Garini

Kikao cha harusi ya dada yangu mdogo kilifanyika Missouri City, pembeni ya Houston, nyumbani kwa shangazi wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Nilikuwa nimetoka Dallas kwa basi, mimi na mbwa wangu. Kabla sijamaliza kuonyeshwa kiti nilisikia wanawake wakiinua miguu kutoka sakafuni, kama watu walioingiliwa na maji ndani ya nyumba.

"Baba, karibu," mwenyekiti alisema. "Ile mbwa itabaki inje, sivyo?"

"Hapana, mama. Anakaa chini ya kiti changu. Hutamsikia."

Na hakumsikia. Mbwa alijikunja miguuni pangu, akaweka kidevu juu ya kiatu changu, akatulia hivyo muda wote walipokuwa wakipanga nyama, vinywaji na rangi ya vitenge vya familia. Niliyesikika ni mimi.

Tulikuwa tumefika kwenye swali la nani atamwingiza bibi harusi kanisani. Baba yetu na mama yetu walifia Kivu tukiwa wadogo, na kwetu hilo halina mjadala: mtoto wa kwanza ndiye anayesimama mahali pa baba. Hilo mwenyekiti alilikubali mara moja. Alikuwa amelipanga kabisa.

"Mdogo wako wa kiume atakushika mkono. Bibi harusi upande huu, yeye upande ule, wewe katikati. Itapendeza kwenye video."

"Na mbwa?"

"Mbwa atabaki garini."

"Gari la Houston, kiangazi hiki? Mama, hata kuku huwezi kumwacha humo."

Wachache walicheka. Yeye hakucheka. "Basi gereji yangu. Tutamwekea maji."

"Nani anasimama mahali pa baba?"

"Wewe."

"Basi baba anakuja na macho yake. Sijawahi kusikia baba wa bibi harusi akiambiwa aache macho gereji."

Mzee mmoja upande wa dirishani akakohoa, akasema kwamba sheria ya kuingia na mbwa ni ya madukani na kwenye mabasi, lakini kanisa ni nyumba ya Mungu. Nikamjibu kwamba sikuwa nimetaja sheria. Nilikuwa nimetaja baba. Mtu akafungua soda, na mwenyekiti akasema tusonge mbele, hilo litaamuliwa.

Dada yangu alikuwepo. Hakusema neno. Bibi harusi hasemi kwenye kikao kama kile, mbele ya wakwe, na mimi nilijua hivyo. Lakini kujua hakukunisaidia. Nilikuwa tayari kubishana na kamati nzima, na mchungaji, na yule mzee wa dirishani. Kama angeniomba yeye, ningemwacha mbwa. Kwa hiyo nilichokiogopa siku ile hakikuwa kamati. Niliogopa kwamba ukimya wake ulikuwa na aibu ndani yake, na aibu hiyo ni mimi.

Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi ofisini Plano, ndiye aliyenirudisha Dallas kwa gari lake. Tulikuwa hatujatoka hata Houston.

"Yaya," alisema. Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. "Siku moja tu. Saa moja tu. Kwa nini ugumu hivi?"

"Saa moja ndiyo hiyo ninayoitaka."

"Watu watasema tumeleta mbwa harusini."

"Waseme."

"Wewe huoni wanavyokuangalia."

"Hiyo ndiyo faida yangu."

Hakutaka kucheka lakini alicheka, kisha akawasha redio ili asiendelee kuongea na mimi.

Niseme sasa kwa nini nilikuwa mgumu.

Nilitoka shuleni kabla ya kumaliza msingi. Hakuna aliyenifukuza. Wazazi walipokufa kulikuwa na midomo mitatu, na mikono iliyofaa kazi ilikuwa yangu tu. Nilibeba makaa, nikachoma matofali, baadaye tukaishi kambini Tanzania ambako nililima vibarua, na wadogo zangu wakasoma. Tulipoletwa Dallas, Vickery Meadow, nilipata kazi kwenye ghala, usiku, ya kupanga maboksi. Walisoma. Huo ndio ulikuwa mpango wangu pekee wa maisha, na ulikuwa unakwenda vizuri.

Kisha macho yakaanza kufa pembeni. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba ilikuwa imekula kwa miaka mingi bila kuuma. Dunia ikawa kama ninaichungulia kwa bomba la maji, bomba likawa jembamba, mwisho likaziba. Ghala likaniaga.

Kwetu kipofu anajulikana kwa mtoto aliye mbele yake. Fimbo moja, kipofu ameshika ncha hii, mtoto ameshika ile. Mtoto anakwenda anakotumwa, wenzake wakiwa darasani. Niliwaona wengi sokoni nikiwa na macho yangu mazima, na siku zote nilimtazama mtoto kuliko kipofu.

Dada yangu alikuwa sekondari wakati huo. Jioni moja alikuja akaketi karibu yangu kwenye ngazi za fleti, akanishika mkono.

"Yaya, nimefikiri. Nitaacha shule mwaka huu. Nitakuwa natembea na wewe."

Sikuwahi kumpiga. Siku ile nusura. Nilimwambia kwamba nikisikia tena neno hilo nitatembea peke yangu katikati ya barabara ya magari hadi nigongwe, na yeye ndiye atakayesoma maombi kwenye mazishi. Alilia, nikamwacha alie. Wiki hiyohiyo nilimwomba mama mmoja wa ofisi ya wasioona anitafutie mbwa wa kuniongoza njiani.

Walinipeleka kwenye shule ya mbwa, nikakaa huko hadi tukazoeana. Nilipewa jike mweusi, mwenye kifua kipana na masikio laini kama kitambaa cha kanisani. Sikumpenda siku ya kwanza. Mimi nimekulia mahali ambapo mbwa analala nje na anakula yaliyobaki, kama yakibaki. Mwalimu alinishikisha mpini wa mkanda wake wa kazi, mpini mgumu unaotoka mgongoni mwake hadi kwenye mkono wangu wa kushoto, akaniambia jambo ambalo sikulielewa hadi baadaye. Alisema mbwa huyu atakutii, lakini akiona hatari atakukatalia. Siku hiyo usimsukume. Akikataa, tafuta sababu.

Nilirudi naye Vickery Meadow, na majirani walifurahi kwa mwezi mzima.

"Analala ndani?" jirani wa juu aliniuliza. "Na wewe unalala wapi?"

"Nasikia unamlisha chakula cha gunia. Naye anakulipa nini?" mwingine akauliza.

"Yaya," mdogo wangu wa kiume naye alitia yake, "Kiingereza cha huyu mbwa ni kizuri kuliko chako."

Hilo lilikuwa kweli. Alifundishwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nampa amri kwa lafudhi ya Bukavu, akigeuza kichwa kama mwalimu aliyekosewa heshima. Neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza ni "twende". Baada ya hapo tulikwenda. Treni, basi, dukani, kliniki, kwenye kiwanda kidogo cha kukunja mashuka ambako nilipata kazi. Dereva mmoja wa basi alinifungia mlango. Kesho yake nilisimama palepale, na keshokutwa yake, hadi akachoka kunifungia. Mwenye duka la vyakula vyetu, Mkongo mwenzangu, alisema mbwa atanusa samaki wake. Nikamwambia samaki wake hata mimi nawanusa kutoka barabarani, na niliingia.

Na dada yangu akamaliza sekondari, akasomea uuguzi Houston, akampata mwanaume wa kumwoa. Hayo mwenyekiti wa kamati hakuyajua, na mimi sikuona kwa nini nimsimulie ili aniruhusu. Baba hasimulii maisha yake mlangoni ili apite.

Walipanga mazoezi ya kuingia kanisani siku moja kabla ya harusi. Mwenyekiti alinitumia ujumbe kwa mdogo wangu: mazoezi ni bila mbwa. Nikamtuma aseme kwamba basi mazoezi ni bila mimi. Ndiyo maana asubuhi ya harusi sikuwa nimewahi kukanyaga ndani ya kanisa lile. Lilikuwa zamani ghala la samani, waumini wamelikodi na kulipaka rangi.

Nilikuwa nimevaa suti, nimesimama kwenye chumba kidogo cha nyuma, nikisubiri mtu aje anipe onyo la mwisho. Mlango ukafunguka. Nikasikia gauni, kitambaa kingi kikiburuzika.

"Yaya, nipe mpini," dada yangu alisema.

Nikafikiri, haya basi, ameomba. Nikauachia.

Alihangaika na kitu pale chini, akipumua kwa nguvu kwa sababu ya gauni kumbana. Kisha akaurudisha mpini mkononi mwangu. Haukuwa baridi kama kawaida. Alikuwa ameuvalisha kitambaa, kimeshonwa kwa mkono, na vidole vyangu vikakijua mara moja kile kitambaa kigumu chenye nta: kitenge cha familia, kilekile walichovaa wadogo, binamu na mashangazi wote waliokuwa wanatusubiri ndani.

"Kilibaki kipande," alisema. "Sasa twende, nisije nikalia. Wamenipaka rangi saa mbili nzima."

Mlango mkubwa ulipofunguliwa, vigelegele vikatupiga usoni. Kwetu bibi harusi hakanyagi sakafu tupu. Wanawake hutandika vitenge vyao njiani, na wa upande wa bwana harusi hushindana na wa upande wa bibi harusi nani atatandika vingi. Siku ile walishindana hasa. Nilisikia chini ya viatu vyangu kitambaa juu ya kitambaa, laini kama godoro. Mkono wa kulia dada yangu, mkono wa kushoto mbwa. Kwaya iko juu. Tunakwenda.

Katikati ya kanisa mbwa akasimama.

"Twende," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Hakuenda. Akageuza mwili wake mbele ya magoti yangu, akanizuia.

Kwaya ikaendelea mstari mmoja, kisha ikaanza kupungua, kwanza wanaume, baadaye wanawake. Nikasikia viti vikilia, watu wakijinyoosha waone. Na kutoka upande wa kulia, karibu sana, sauti niliyoijua, ya mwenyekiti.

"Minasema nini mimi? Anaogopa watu! Nilisema!"

Mdogo wangu wa kiume alikuwa nyuma yetu. Akanigusa bega. "Yaya, niachie. Nishike mimi, tumalize."

"Toa mkono."

"Yaya, watu wote..."

"Toa mkono. Amekataa. Nitafute sababu."

Mtu mzima, suti mpya, mahali pa baba, amesimama katikati ya harusi kwa sababu mbwa amekataa. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo maishani, nami niliwaacha watazame. Nikanyoosha mguu taratibu mbele ya mbwa. Kitenge kilikuwepo. Nikakanyaga. Kitenge kikabonyea, kikaendelea kubonyea, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Kuna nini hapa mbele?" nikamuuliza dada yangu.

"Hakuna kitu. Vitenge tu."

"Vua kiatu. Gusa kwa mguu."

Nikasikia mguu wake ukipapasa kitambaa. "Mama yangu. Zile ngazi za mazoezi ya jana, nimezisahau."

Lile ghala la zamani lilikuwa na sakafu mbili, ya nyuma imeinuka kuliko ya mbele. Wanawake, kwa kushindana, walikuwa wamezitandikia ngazi hadi zikapotea, vitenge vimevutwa tambarare kutoka juu hadi kwenye kiti cha kwanza. Na dada yangu, kwa viatu vile virefu na shela usoni, alikuwa kipofu kuliko mimi.

"Ondoeni hivyo vitenge!" Mwenyekiti ndiye aliyepiga kelele, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ondoeni! Mnataka kuvunja mukwe wangu? Mupishe mbwa! Mupishe!"

Kicheko kilianzia kwenye kwaya kikajaa kanisa zima. Vitenge vikaondolewa. Mbwa akashuka ngazi, nasi tukashuka.

Tangu siku ile, wanaotujua Houston hadi Dallas husimulia kwamba mbwa alimwokoa bibi harusi. Husimulia vizuri, na mwenyekiti husimulia kuliko wote, akionyesha na ngazi kwa mikono, naambiwa. Siku hizi hunialika kila sherehe na kusisitiza nije na "mukwe", ndivyo anavyomwita mbwa. Mimi hadithi hiyo siipendi. Ukiisikiliza vizuri inasema kwamba mbwa alilipa kiingilio. Kama sakafu ya kanisa lile ingekuwa sawa kama meza, kama tungefika mbele bila kusimama hata mara moja, bado pale palikuwa mahali pake. Alikuwa ameshapafanyia kazi, miaka mingi, kwenye njia za Vickery Meadow ambako hakuna aliyempigia kigelegele.

Tulipofika mbele, mchungaji aliuliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, lakini niliyasahau yote.

"Mimi, yaya wake," nikasema.

Nikauweka mkono wake ndani ya mkono wa mumewe. Kisha mdogo wangu wa kiume akasogea anionyeshe kiti. Nilisikia hatua zake, nikamwambia akae.

"Twende," nikasema, na mbwa akanitafutia kiti mstari wa mbele, mahali pa baba.