Profesa Mchanga na Alama ya Kutoa

Wanafunzi walimwita Profesa Mchanga, na asiyemjua angedhani wanamdhihaki, maana mama wa watu alikuwa na miaka hamsini na tisa na mvi kichwa kizima. Lakini jina lilitokana na kazi yake. Tangu usichana wake alihangaika na swali moja: kwa nini punje kavu, za mchanga au za nafaka, hutiririka vizuri kama maji, kisha ghafla zikakwama tunduni bila kuzibwa na mtu? Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na ubao, chaki, na meza iliyojaa makaratasi hata mfagiaji alishakata tamaa nayo.

Swali alilitoa nyumbani. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga, na mahindi yalipogoma kushuka, binti ndiye aliyegonga bati kwa fimbo.

"Baba, mbona yanagoma?"

"Yaulize wewe, mwanangu. Mimi nina wateja."

Basi akayauliza, miaka arobaini na ushei.

Dada yake, fundi cherehani, hakuacha kumtania. "Yaani mdogo wangu unalipwa mshahara kwa kutazama mchanga?"

"Hata kuutazama siutazami, dada. Naufikiria tu."

"Loo! Hapo ndipo ulipotuzidi."

Hesabu iliyompa uprofesa ilimchukua miaka kumi na moja. Siku moja akiifafanua darasani, mwanafunzi wa uzamili, mama wa watoto wawili aliyewahi kufundisha sekondari, akanyoosha mkono.

"Samahani, Profesa. Mstari wa nne, hapo si ingekuwa kutoa?"

Profesa akautazama ubao, akarudia hesabu pembeni, akarudia tena. Kweli, ilitakiwa kutoa; yeye alikuwa amejumlisha. Kila kilichofuata chini ya mstari ule kilikuwa kimekwenda na maji.

"Umeniua, mwanangu," akasema, kisha akacheka mpaka akatafuta kiti. Akamkabidhi chaki. "Haya, endelea. Mimi nimeishia hapo."

Nyumbani hakucheka. Alisukuma sahani kando akarudi kwenye makaratasi, na dada yake, waliyeishi pamoja, akaifunika. Asubuhi akaandika barua ya kukiri kosa kwa jarida lililochapisha hesabu ile. Mkuu wa idara alijaribu kumzuia.

"Miaka tisa hakuna aliyeliona. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," akajibu, akaituma.

Yeye na yule mwanafunzi wakaanza upya, mstari kwa mstari, miaka miwili. Jibu jipya lilikuwa dogo kuliko lile la zamani; lilihusu punje za duara peke yake. Lakini lilisimama. Makala ilipotoka, jina la mwanafunzi lilitangulia la Profesa.

Siku yule mama alipotunukiwa shahada, Profesa Mchanga alikaa mstari wa mbele na dada yake. Alipiga makofi kabla ya wakati mara mbili, na mara zote mbili dada akamshika mikono.